Gatsby: Mtu mzima aliyependa kitoto

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii hutajwa sana na wazee wanaosuluhisha ugomvi wa mume na mke, na hutajwa kidogo mno na wahakiki wa fasihi. Leo nataka kuitumia kumpimia mhusika mmoja maarufu ambaye ujana wake wote aliumaliza akiganga yaliyopita, mpaka yajayo yakampita akiwa amesimama. Mhusika huyo ni Jay Gatsby katika riwaya ya The Great Gatsby, kazi ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald iliyochapishwa mnamo Aprili 1925.

Kilichonichokoza ni mjadala wa darasani. Tulikuwa tukilinganisha tanzia za mapenzi za mataifa mbalimbali, na kijana mmoja akasimama akasema kwa yakini kwamba Gatsby ndiye mwanamume kamili. "Mwalimu, huyu jamaa alingoja miaka mitano. Akatafuta pesa, akanunua jumba, hakukata tamaa. Si hayo ndiyo mapenzi ya kweli?" Wenzake wakampigia makofi. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye kwa kawaida si msemaji, akauliza: "Na Daisy aliulizwa lini?"

Darasa likanyamaza. Nami, nakiri, sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kwa msomaji ambaye hajaipata riwaya hii, kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mnamo 1917, Marekani ilipokuwa ikijiandaa kwa Vita Vikuu vya Kwanza, afisa mchanga wa jeshi asiye na mbele wala nyuma alikutana na binti wa tajiri mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky. Wakapendana. Afisa akapelekwa vitani Ulaya. Binti, Daisy Fay, akangoja, akachoka kungoja, na mnamo Juni 1919 akaolewa na Tom Buchanan wa Chicago, kijana wa pesa za ukoo. Gatsby anarudi Marekani na kukuta mambo yamekwisha, Daisy keshakuwa mke wa mtu.

Wengine wangelia, wakapangusa machozi, wakaendelea na safari. Gatsby akaingia katika biashara za gizani, mojawapo ikiwa kuuza pombe wakati pombe imepigwa marufuku nchini humo. Akatajirika. Akanunua jumba la kifahari West Egg, kitongoji ambacho mwandishi amekibuni kwenye kisiwa cha Long Island, kwa sababu moja tu: kwamba ng'ambo ya ghuba kulikuwa na nyumba ya Daisy. Akawa akiandaa karamu kubwa kubwa kwa watu asiowajua, akitumaini kwamba usiku mmoja Daisy ataingia. Msimulizi, Nick Carraway, ni jirani wa Gatsby na pia ni jamaa ya Daisy. Katika kiangazi cha 1922 ndiye anayewakutanisha tena. Kiangazi kinapoisha, watu watatu wameshakufa, Gatsby akiwa mmoja wao.

Wahakiki wengi huisoma riwaya hii kama tanzia ya ndoto ya Kimarekani: kwamba maskini anaweza kupata pesa, lakini hawezi kununua nafasi miongoni mwa waliozaliwa nazo. Jogoo la shamba haliwiki mjini. Usomaji huo una mashiko na sina nia ya kuupuuza. Tom Buchanan anamdharau Gatsby kwa sababu ya asili yake, na dharau hiyo inachangia anguko lake.

Hata hivyo, usomaji huo unamwachilia Gatsby mapema mno. Unamfanya awe mtu aliyetendwa tu. Hebu tujiulize: kama Tom asingekuwepo, kama Daisy angekuwa mjane huru, je, Gatsby angeweza kuishi naye? Naona asingeweza. Dosari yake iko moyoni, nayo ni utoto wa hisia.

Neno utoto silitumii kama tusi. Mtoto ana hisia kali kuliko mtu mzima. Akipenda anapenda kwa mwili mzima, akinyimwa analia hadi sauti inakauka. Asichoweza ni kuyafanya mambo ambayo mtu mzima hujifunza polepole, tena kwa maumivu. Kukubali kwamba kilichopotea kimepotea. Kutambua kwamba yule unayempenda ana maisha yake hata usipokuwepo. Kuvumilia ukweli usiokuwa mweupe wala mweusi. Na kubeba lawama ya matokeo ya matendo yako. Tumpime Gatsby kwa hayo manne.

Tuanze na wakati. Mandhari ya kukutana kwao nyumbani kwa Nick ni miongoni mwa sehemu zilizoandikwa kwa ustadi mkubwa katika riwaya nzima. Mvua inanyesha. Gatsby amemtuma mtu aje akate nyasi za Nick, ameleta maua ya kujaza chumba, amevaa suti nyeupe, shati la rangi ya fedha na tai ya rangi ya dhahabu. Daisy anapofika, jamaa huyu ambaye ana wahuni wanaomtii mijini anashindwa hata kusimama wima. Anaegemea rafu ya mekoni mwa sebule, na kichwa chake kinaisukuma saa kuukuu iliyoharibika. Saa inayumba. Anageuka na kuidaka kwa vidole vinavyotetemeka, kisha anaomba radhi.

Msomaji haambiwi kwamba saa hiyo ni jazanda, na haina haja ya kuambiwa. Ni saa iliyokufa, na mtu anahangaika isianguke. Muda mfupi baadaye Gatsby anamkimbilia Nick jikoni akilalamika kwamba wamekosea vibaya sana, na Nick anamkaripia kwamba anajifanya kama kivulana. Tunaweza kuyapita maneno hayo tukadhani ni utani wa marafiki. Mimi nayaona kuwa ni uhakiki wa kwanza wa Gatsby, umetolewa na mtu aliyemjua kuliko sisi.

Baadaye, Nick anapomwonya kwamba mtu hawezi kuyarudia yaliyopita, Gatsby anashangaa. Kwake yeye jambo hilo linawezekana kabisa. Mpango wake ni kwamba Daisy amwambie Tom kuwa hakuwahi kumpenda, kisha wawili hao warudi Louisville na Daisy aozwe kutoka nyumbani kwa wazazi wake, kana kwamba ile miaka mitano ni kosa la hijai linaloweza kufutwa kwa raba. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Gatsby ameinama chini na kikombe, anazoa.

Jambo la pili ni kumwona mwenzako kama mtu. Ndani ya ile miaka mitano, Daisy ameishi. Ameolewa, ameudhiwa na mume mzinifu, amezaa. Ana binti wa miaka mitatu. Siku moja ya joto kali mtoto huyo analetwa sebuleni na yaya wake, Gatsby akiwepo. Anamsalimia, kisha anaendelea kumtazama kwa mshangao. Nick anahisi kwamba kabla ya hapo Gatsby hakuwa amesadiki kwamba mtoto huyo yupo.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara hunitisha. Huyu ni mtu aliyekusanya vipande vya magazeti vilivyomtaja Daisy kwa miaka mingi. Alijua anakokaa. Alijua taa ya kijani iliyowaka usiku kucha kwenye gati ya nyumba yake, na alikuwa akisimama gizani kuitazama. Lakini mtoto aliyetoka tumboni mwa mwanamke huyo hakuwa na nafasi katika ile picha, basi akafutwa. Anayempenda mtu atataka kujua yaliyompata alipokuwa mbali. Gatsby haulizi. Anamwonyesha Daisy jumba, bustani, mashati yaliyoagizwa kutoka Uingereza, anayarusha moja baada ya jingine hadi yanarundikana mezani. Ni kama mtoto anayemwaga vidole vyake vyote vya mchezo mbele ya mgeni akisubiri kusifiwa.

Tuseme ukweli pia kuhusu mwanzo wa mapenzi hayo. Kule Louisville, Gatsby alimwacha Daisy aamini kwamba anatoka katika tabaka kama lake. Sare ya jeshi ilimficha. Kwa hiyo Daisy hakumjua aliyempenda, na Gatsby naye alimpenda Daisy pamoja na nyumba yake, sauti yake, gari lake na usalama wa utajiri wake, vyote vimefungwa katika kifurushi kimoja. Alichopoteza 1919 kilikuwa kifurushi hicho. Mwanamke mwenyewe alikuwa hajakutana naye vizuri.

La tatu, na hapa ndipo tanzia inapofika kileleni, ni kuvumilia ukweli wenye sura mbili. Jordan Baker, rafiki wa Daisy, anasimulia yaliyotokea usiku wa kuamkia harusi. Daisy alikunywa akalewa, akalia, akashika barua ambayo msomaji anaelewa imetoka kwa Gatsby, akawa anasema amebadili nia. Wakamtia ndani ya maji baridi. Barua ikalowa mkononi mwake hadi ikamomonyoka vipande. Kisha akavaa mkufu wake wa lulu, na kesho yake akaolewa. Jordan anaongeza kwamba aliwaona tena baada ya fungate, na hakuwahi kuona mke aliyempenda mumewe kwa kiwango kile.

Maana yake nini? Kwamba Daisy aliwapenda wanaume wawili kwa nyakati mbili. Hilo ni jambo la kawaida sana katika maisha ya binadamu. Kila kijiji na kila mtaa una watu wa aina hiyo, na wengi wao ni wazee wetu wenye heshima. Lakini katika chumba cha Hoteli ya Plaza jijini New York, mbele ya mume, Gatsby anamtaka aseme kwamba hakuwahi kumpenda Tom hata siku moja. Daisy anajaribu kuyatamka, kwa shida. Kisha anavunjika na kukiri kwamba alimpenda Tom wakati fulani, na Gatsby pia alimpenda. Analalamika kwamba Gatsby anataka mengi kupita kiasi.

Kwa mtu mzima, jibu hilo lingekuwa ushindi wa aina fulani. Mwanamke anakuambia mbele ya mumewe kwamba alikupenda! Ungeweza kujenga kitu juu ya msingi huo, au ungeweza kuondoka na heshima yako. Gatsby analisikia kama kofi. Anashikilia lile neno la "pia" asilitambue, kama mtu aliyepewa sarafu ya nchi ngeni. Yeye alitaka yote au hakuna, na anayetaka yote au hakuna kwa kawaida hupewa hakuna.

La nne ni lawama. Wakirudi kutoka mjini, Daisy ndiye anayeendesha gari la manjano la Gatsby. Linamgonga Myrtle Wilson, mke wa fundi wa gereji, naye anafariki papo hapo. Gari halisimami. Usiku huo Gatsby anasimama vichakani nje ya nyumba ya akina Buchanan, akilinda Daisy asije akadhuriwa na mumewe. Yuko tayari kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Wasomaji wengi huipenda picha hii, na mimi sikatai kwamba ina ushujaa ndani yake. Lakini sikilizeni anachozungumza. Nick anagundua kwamba kwa Gatsby, jambo pekee lenye uzito ni jinsi Daisy alivyoathirika. Maiti ya Myrtle haimo katika hesabu. Yule mume aliyebaki gereji akilia hamo. Wakati huohuo, kwa kuchungulia dirishani, Nick amewaona Daisy na Tom jikoni, wameketi mkabala, kuku baridi mezani kati yao, mkono wa Tom juu ya mkono wa mkewe, kama watu wanaokula njama. Gatsby analinda nyumba isiyomhitaji.

Utoto huu ulitoka wapi? Fitzgerald anatupa jibu mwishoni kabisa, kwa njia ya baba. Mzee Henry Gatz anakuja kumzika mwanawe na kumwonyesha Nick kitabu cha zamani cha hadithi za Hopalong Cassidy. Ndani yake kijana James Gatz, kwani hilo ndilo jina alilozaliwa nalo huko North Dakota, ameandika ratiba yake ya siku, chini ya tarehe 12 Septemba 1906: kuamka saa kumi na mbili asubuhi, kufanya mazoezi, kusoma habari za umeme, kufanya kazi, kujifunza kusema vizuri. Ni ratiba nzuri. Mzazi yeyote angejivunia mtoto kama huyo.

Lakini tazameni kinachokosekana. Mna nguvu, maarifa na umbuji. Mwenzake wa kucheza naye hayumo. Akiwa na miaka 17 alilitupa jina lake na wazazi wake pia, akajizaa upya. Mtu aliyejibuni akiwa na miaka 17 ana tatizo moja kubwa: aliyebuniwa hukaa na miaka 17 milele. Mwili wa Gatsby ulifika miaka thelathini na kitu. Mali yake ikakua, suti zake zikakua. Yule kijana wa ndani hakupata wa kumlea.

Mwandishi amemwekea Gatsby kioo, nacho ni Nick. Siku ileile ya ugomvi wa Plaza, Nick anakumbuka ghafla kwamba ni siku yake ya kuzaliwa: ametimiza miaka 30. Hafurahii. Anaiona mbele yake miaka ya upweke na ya kupungukiwa. Hata hivyo anaikubali, na baadaye anamwambia Jordan kwamba umri wake hautoshi tena kujidanganya. Katika chumba kimoja, mwanamume mmoja anahesabu miaka inayokuja na mwingine anafuta iliyopita. Ni kinaya kisichopiga kelele.

Najua nitaulizwa: mbona nimemwandama Gatsby peke yake? Tom ni mkatili na mwoga, tena anampiga Myrtle hadi kumvunja pua. Daisy anakimbia baada ya kuua mtu, na mazishini hatumi hata ua. Je, hao wamekomaa? La, hawajakomaa. Riwaya nzima imejaa watu wazima hovyo. Tofauti ni kwamba Tom na Daisy wana pesa za kulipia utoto wao. Wakivunja, wanahama, wengine wanabaki wakifagia. Gatsby hana ukuta wa namna hiyo nyuma yake. Hapa ndipo ule usomaji wa matabaka unaporudi na kukutana na wangu: utoto wa hisia ni anasa, na maskini aliyetajirika jana hajajua bei yake.

Pia nitaambiwa kwamba bila utoto huo kusingekuwa na riwaya. Kweli kabisa. Nick mwenyewe anamstahi Gatsby kwa kipawa chake cha kutumaini, na siku ya mwisho anamwambia kwamba ana thamani kuliko wale wote wakiwekwa pamoja. Nami humpenda Gatsby kila ninapoisoma. Lakini kumpenda mhusika ni kitu kimoja, kumfanya kielelezo ni kitu kingine. Tukumbuke pia kwamba hadithi hii imesimuliwa na mwanamume anayemwombolezea rafiki. Daisy hana sura yake ya kusimulia. Yanayotufikia kumhusu yamepitia kwa Nick, kwa Jordan au kwa Gatsby.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wa fasihi: mtahini akikutaka ujadili chanzo cha anguko la mhusika wa tanzia, usikimbilie kuandika "mapenzi" ukaweka kalamu chini. Mapenzi hayajawahi kumwangusha mtu peke yake. Uliza alipenda vipi, alimpenda nani hasa, na aliyependwa alikuwa akifanya nini wakati huo. Kijana anayesema kwamba mwanamume kamili hakubali kukataliwa amesoma jumba na mashati, hajasoma chumba cha Plaza.

Na sasa namrudia yule binti wa nyuma. Daisy aliulizwa lini? Aliulizwa mara moja tu, siku ya joto kali, mbele ya watu wanne, na jibu alikuwa ameshaandikiwa. Alipotoa la kwake, aliyemuuliza hakulisikia. Kesho yake mchana Gatsby alikuwa kwenye bwawa lake la kuogelea, bado anasubiri simu ipigwe. Aliyefika ni George Wilson, bastola mkononi.